Fezi Moja, Maana Mbili: Historia ya Kuendesha Mota za Fezi Tatu kwa Umeme wa Fezi Moja na Nafasi ya Kiswahili katika Maarifa ya Mafundi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu za kuendesha mota ya fezi tatu kwa umeme wa fezi moja, tangu maabara za Ulaya za miaka ya 1880 hadi mashine za kusaga nafaka za Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mbinu hizi zilizuka kila mahali ambapo waya uliotandazwa kwa ajili ya taa ulikutana na mashine iliyoundwa kwa ajili ya kiwanda. Kiswahili kimeipokea mashine, kikapokea na jina la ugonjwa wake, lakini hakijatenga jina la tiba. Usemi “mota inazunguka kwa fezi moja” hutaja hitilafu inayounguza mota, na papo hapo hutaja mpango halali wa kuiendesha. Makala yanaonesha chanzo cha mkanganyiko huo na gharama yake, kisha yanapendekeza namna ya kuuondoa katika istilahi, mafunzo na takwimu za usambazaji wa umeme.

1.0 Utangulizi

Katika vijiji na miji midogo ya Afrika Mashariki, mota ya umeme husaga mahindi, hukoboa mpunga, hupiga randa mbao na kuvuta maji kisimani. Mota zenye nguvu ya kutosha kwa kazi hizo huundwa zaidi kwa fezi tatu, kwa kuwa mota ya namna hiyo haina sehemu nyingi za kuharibika, huanza kuzunguka yenyewe na huvuta mzigo bila kusitasita. Hata hivyo, waya unaofika mlangoni mwa mteja mara nyingi hubeba fezi moja tu. Mwenye mashine hujikuta na mota asiyoweza kuiwasha, na nguzo yenye kuomba fezi mbili zaidi huenda iko mbali na ina gharama. Hapo ndipo anapoitwa fundi.

Anachokifanya fundi huyo kina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kuna dhana kwamba kuendesha mota ya fezi tatu kwa fezi moja ni ujanja wa karakana za mitaani, jambo lisilo na nasaba katika uhandisi. Historia inakanusha dhana hiyo: mbinu hii ina umri unaokaribiana na wa mota yenyewe, na imewahi kuvuta treni za makaa ya mawe. Tatizo la Afrika Mashariki liko kwingine. Maarifa yamefika kwa njia ya mikono na masikio, nayo lugha inayoyabeba haijapewa nafasi ya kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa matokeo.

2.0 Kuzaliwa kwa mota ya fezi tatu

Mitambo ya umeme ya mijini katika miaka ya 1880 ilijengwa hasa kwa ajili ya taa. Mkondo geu wa fezi moja uliwasha taa vizuri na kusafiri mbali, lakini haukuwa na mota ya kutegemewa. Ufumbuzi ulitoka katika wazo la uga wa sumaku unaozunguka. Mwaka 1885 Galileo Ferraris, mwanafizikia wa Turin, alipitisha mikondo miwili iliyopishana kwa wakati katika koili zilizowekwa kwa pembe mraba, na kipande cha shaba kilichowekwa katikati kikazunguka bila kuunganishwa na waya wowote. Aliwasilisha matokeo hayo mbele ya Akademia ya Sayansi ya Turin mwezi Machi 1888. Mwezi Mei mwaka huohuo, Nikola Tesla alipata hataza zake nchini Marekani kuhusu mota za namna hiyo.

Vifaa hivyo vya mwanzo vilitumia fezi mbili. Aliyeipa mota sura inayojulikana leo ni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi wa kampuni ya AEG mjini Berlin, ambaye mwaka 1889 aliunda mota ya fezi tatu yenye rota ya kizimba: fito za metali zilizofungwa kwa pete katika ncha zote mbili, pasipo brashi wala waya unaoingia katika sehemu inayozunguka. Mwaka 1891 mfumo huo ulioneshwa hadharani katika maonesho ya umeme ya Frankfurt. Umeme ulizalishwa kwa nguvu ya maji huko Lauffen, ukasafirishwa kilomita 175, ukawasha taa zipatazo 1,000 na kuendesha mota ya nguvu farasi 100 iliyopandisha maji ya maporomoko bandia.

Siri ya mfumo huu inaweza kuelezwa kwa mfano wa kinu. Watwangaji watatu wanaposhirikiana kinu kimoja, mchi mmoja ukishuka, wa pili uko njiani na wa tatu unapanda. Mapigo hufuatana bila pengo. Fezi tatu hufuatana vivyo hivyo, kila moja ikichelewa theluthi moja ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Koili za mota zikipangwa kwa mfuatano huohuo, sumaku inayozaliwa ndani yake huzunguka, nayo rota huifuata. Katika umeme wa hezi 50, mota yenye ncha nne za sumaku huwa na uga unaozunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota hubaki nyuma kidogo.

Fezi moja ni mtwangaji mmoja. Mchi hupanda na kushuka mahali palepale. Sumaku huongezeka, hupungua na kugeuka, lakini haizunguki upande wowote. Mota ya fezi tatu iliyounganishwa hivyo huku imesimama hunguruma tu. Huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, na isipozimwa mapema koili zake huungua.

3.0 Hitilafu iliyozaa mbinu

Iwapo mota hiyo tayari inazunguka, mambo hubadilika. Wahandisi wa miaka ya 1890, Ferraris akiwa miongoni mwao, walieleza kwamba uga wa fezi moja unaweza kuchukuliwa kuwa nyuga mbili zinazozunguka kwa mielekeo iliyo kinyume. Rota iliyosimama huvutwa sawasawa na pande zote mbili, hivyo haisogei. Rota iliyokwisha kusukumwa upande mmoja huvutwa zaidi na uga unaokwenda nayo, na kwa hiyo huendelea.

Kutokana na kanuni hiyo, mota ya fezi tatu inayopoteza fezi moja ikiwa kazini haisimami. Nyaya mbili zilizobaki hutoa volteji moja tu kati yao, yaani umeme wa fezi moja, nayo mota huendelea kuzunguka. Kwa mzigo uleule, mkondo katika nyaya hizo mbili hupanda kwa kiasi cha mara 1.7. Joto linalozaliwa katika koili hutegemea mraba wa mkondo. Kwa hiyo nyongeza hiyo, inayoonekana ndogo kwa tarakimu, huweza kukaribia kulizidisha joto mara tatu. Mwenye mashine husikia mlio uliobadilika kidogo. Baadaye husikia harufu.

Hili ndilo jambo la msingi kwa hoja ya makala haya. Kwa upande wa fizikia, mota iliyopoteza fezi kwa ajali na mota iliyolishwa fezi moja kwa makusudi ni ndugu wa tumbo moja. Hitilafu ndiyo iliyozaa mbinu. Yanayotofautisha hali hizo mbili ni masharti matatu ambayo mhandisi huyaweka na ajali haiyaweki: njia ya kuianzisha mota, njia ya kusawazisha mikondo ya koili, na kupunguza mzigo ulingane na uwezo uliobaki. Masharti hayo yakiwepo, mota hufanya kazi kwa miaka. Yakikosekana, mota huungua.

4.0 Taa kwanza, mota baadaye

Masharti hayo yalianza kutafutwa mapema. Riccardo Arnò, aliyefanya kazi na Ferraris huko Turin, anahusishwa na kigeuzi kinachozunguka cha mwishoni mwa karne ya 19. Wazo lake lilikuwa kuiacha mota moja ya fezi tatu izunguke bila mzigo kwa umeme wa fezi moja. Inapozunguka, koili yake ya tatu isiyounganishwa na chanzo huzalisha volteji iliyopishana na nyingine, na kutoka hapo hupatikana fezi ya tatu ya kulishia mota nyingine. Mota ya kwanza huwa mzalishaji wa fezi. Zile nyingine hufanya kazi.

Marekani, Charles Proteus Steinmetz wa kampuni ya General Electric alishughulikia tatizo hilohilo kwa njia mbili. Katikati ya miaka ya 1890 alibuni mfumo ambao uzalishaji wake ulikuwa hasa wa fezi moja kwa ajili ya taa, pamoja na waya mwembamba wa ziada uliopelekwa pale tu palipokuwa na mota ya kuanzishwa. Jina lake limebaki pia katika vitabu vya Kijerumani kwa muungano ambao kapasita huwekwa kati ya chanzo na ncha ya tatu ya mota ili kupisha mkondo wa koili hiyo kwa wakati. Muungano huo ndio unaotumika hadi leo kwa mota ndogo.

Reli ziliupa ugeuzaji huu heshima ya viwanda vikubwa. Treni hupata umeme kwa waya mmoja wa juu na kuurudisha kwa reli. Kutandaza nyaya zaidi juu ya njia ni shida na gharama. Mwaka 1915 kampuni ya Norfolk and Western ilianza kuvuta treni za makaa ya mawe katika milima ya West Virginia kwa vichwa vya treni vilivyopokea volti 11,000 za fezi moja na kubeba ndani yake kigeuzi kinachozunguka cha kulishia mota za fezi tatu. Nchini Hungaria, Kálmán Kandó alijenga vichwa vya treni vilivyochukua fezi moja ya volti 16,000 kwa masafa ya kawaida ya hezi 50 na kuigeuza ndani kwa ajili ya mota yenye fezi nyingi. Kandó alifariki mwaka 1931, na mwaka uliofuata treni za mfumo wake zikaanza kazi katika njia ya Budapest kwenda Hegyeshalom.

Mashamba yalifuata. Marekani ilipoanzisha Mamlaka ya Umeme Vijijini mwaka 1935, takribani shamba moja tu kati ya kila kumi lilikuwa na umeme. Ili kuwafikia wakulima waliotawanyika kwa gharama ndogo, matawi mengi ya mwisho ya mtandao yalijengwa kwa fezi moja. New Zealand ilikuwa imetangulia kubana matumizi zaidi: kuanzia mwaka 1925 hivi, mhandisi Lloyd Mandeno alisambaza umeme kwa waya mmoja tu, ardhi yenyewe ikitumika kurudisha mkondo, na mfumo huo ulienea baadaye Australia na kwingineko. Mkulima aliyefikiwa kwa njia hizo alipata taa na redio. Alipotaka pampu kubwa ya umwagiliaji au kikausha nafaka, alihitaji kigeuzi.

Mlolongo huu una mantiki moja. Mtandao hujengwa kwanza kwa kipimo cha taa kwa sababu taa ndiyo mahitaji ya wengi na waya mchache ni rahisi kulipiwa. Mota huja baadaye na kukuta uamuzi umeshapitishwa. Kigeuzi ni njia ya kuishi na uamuzi huo. Kukua kwa elektroniki ya nguvu, kuanzia thairista ya mwaka 1957 hadi transista za nguvu zilizoenea tangu miaka ya 1980, kumeleta kidhibiti kasi kinachopokea fezi moja, kuigeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha kuunda fezi tatu mpya. Chombo kimebadilika, lakini hali inayokifanya kihitajike ni ileile.

5.0 Afrika Mashariki: injini, mota na nguzo

Umeme wa Afrika Mashariki nao ulianza kama jambo la miji na karakana. Dar es Salaam ilipata umeme wa umma mwaka 1908 chini ya utawala wa Wajerumani, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji. Kampuni ya umeme iliyounganisha huduma za Nairobi na Mombasa iliundwa mwaka 1922. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kiwanda kilichosimama karibu na mtandao wa namna hiyo kilipata fezi tatu. Vijijini, mashine ya kusaga iliendeshwa kwa injini ya dizeli, nayo lugha ikatunza tofauti hiyo: injini ni ya mafuta, mota ni ya umeme.

Usambazaji mpana vijijini ni jambo la miongo ya karibuni. Kenya ilianza mpango wake wa umeme vijijini mwaka 1973, na mwaka 2015 ikazindua mradi wa kuunganisha kaya zilizo karibu na transfoma zilizokwisha kujengwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005. Juhudi hizi zimebadili maisha ya watu wengi, na kipimo chake kikuu kimekuwa idadi ya vijiji na kaya. Kwa kaya, fezi moja inatosha. Kwa mwenye mashine aliyetaka kuiacha dizeli, “kijiji kimefikiwa na umeme” ni habari iliyokamilika nusu, kwa kuwa haisemi ni umeme wa namna gani uliofika.

Hesabu ndogo inaonesha uzito wa nusu iliyokosekana. Mota ya kilowati 7.5, ambayo ni saizi ya kawaida kwa kinu cha kusaga, ikiwa na ufanisi wa asilimia 87 na kipengele cha nguvu cha 0.85, huvuta ampea 15 hivi katika kila waya wa fezi tatu za volti 400. Kazi hiyohiyo ikipitishwa katika fezi moja ya volti 230 huhitaji ampea 44 hivi, kabla ya kuhesabu upotevu wa kigeuzi. Waya wa huduma, mita na swichi kuu vilivyowekwa kwa ajili ya taa na pasi hulazimika kubeba mzigo wa kiwanda kidogo. Majirani huona taa zao zikififia kila mashine inapowashwa.

6.0 Maneno yaliyopokelewa na maneno yaliyokosekana

Kiswahili hakikukosa uwezo wa kuupokea umeme. Neno umeme lenyewe lilikuwa la mwanga wa radi kabla ya kuingia katika waya. Kenya ilichukua stima, neno lililotokana na mvuke na meli zake, ikalipa maana ya umeme wa nyumbani. Karakana zimeongeza hazina yake: fundi anayezungusha waya mpya wa shaba katika mota iliyoungua husemwa kuwa anasuka mota, kitenzi kilichotoka katika nywele, ukili na vikapu, na kinachoeleza kazi hiyo kwa usahihi usiohitaji maelezo.

Ugumu huanza pale neno moja linapobebeshwa maana mbili ambazo kazi inataka zitengane. Shoti ni mfano unaojulikana: hutaja nyaya zilizogusana, na hutaja mtu aliyepitiwa na umeme. Stata huweza kuwa sehemu ya mota isiyozunguka, na huweza kuwa chombo cha kuianzisha mota, kwa sababu maneno mawili ya kigeni yameingia katika matamshi mamoja. Kwa upande wa mfumo wenyewe, maneno matatu yanashindana: fezi, laini na njia. Nyaraka za huduma kwa wateja nchini Tanzania hutumia umeme wa njia moja na wa njia tatu. Fundi wa nyumba hutumia njia kwa swichi pia, na swichi ya njia mbili haihusiani kabisa na idadi ya fezi. Laini nayo hutaja waya wowote ulio juu ya nguzo.

Mkanganyiko wenye gharama kubwa zaidi ni ule wa fezi moja. Fundi anaposema mota ilikuwa inazunguka kwa fezi moja, msikilizaji aliyewahi kuunguliwa na mota huelewa kwamba fezi mbili zilikuwepo na ya tatu ilikatika, au kwamba fyuzi moja ilikufa. Msikilizaji mwingine huelewa kwamba mota iliunganishwa kwa makusudi na chanzo cha fezi moja. Sentensi haiwasaidii kuchagua. Kwa kuwa fizikia ya hali hizo mbili inakaribiana, mlio wa mota nao hauwasaidii. Lugha ndiyo iliyopaswa kubeba tofauti, na hapo ndipo ilipolegea.

Matokeo yake yanakwenda pande mbili. Upande mmoja, mwenye mashine aliyeambiwa kwamba mota huweza kwenda kwa fezi moja huamini kwamba kilichotendeka kwa jirani kwa mpango kinaweza kutendeka kwake kwa kuunganisha nyaya mbili na kusukuma puli kwa mkono. Upande mwingine, afisa au mkufunzi anayejua hitilafu tu hukataa mbinu yote kuwa ni kuunguza mota, na maarifa halali hubaki bila msimamizi. Wa kwanza hupoteza mota yake, na wa pili huwaacha mafundi wajifunze kwa kuunguza za wengine.

Sababu za kihistoria za hali hii zinaeleweka. Usanifishaji wa Kiswahili, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967, ulianza na mahitaji ya shule, utawala na vyombo vya habari. Istilahi za sayansi zilifuata masomo ya darasani, kama jina la Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 linavyoonesha. Fizikia ya darasani hutaja mkondo, volteji na uga wa sumaku. Mota iliyopoteza fezi ni jambo la karakana, na karakana haikuwa na mtu wa kuisemea kwenye meza ya istilahi.

7.0 Yale ambayo neno sahihi lingebeba

Thamani ya istilahi hupimwa kwa maarifa inayoyalinda. Kuna mambo matatu ambayo mafundi wazoefu huyajua, nayo hupotea kila yanapoelezwa kwa maneno yasiyotosha.

La kwanza ni volteji. Kibao cha mota ndogo huandikwa volti 230/400: koili zake zikiungwa kwa umbo la pembetatu hupokea 230, zikiungwa kwa umbo la nyota hupokea 400. Mota hiyo inaweza kupangwa upya kwa fezi moja ya volti 230. Mota kubwa mara nyingi huandikwa 400/690. Hiyo, hata ikiungwa kwa pembetatu, huhitaji volti 400. Kapasita peke yake haiwezi kuipa volteji isiyokuwepo. Kenya na Uganda zilizorithi volti 240 na 415 zina mota za zamani zenye vibao vya tarakimu hizo, na kanuni ni ileile. Neno nyota na neno pembetatu tayari ni ya Kiswahili. Kinachohitajika ni kuyaweka katika mwongozo.

La pili ni kapasita. Kwa volti 230 na hezi 50, makadirio ya kawaida ni mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, hivyo mota ya kilowati 2.2 huhitaji 150 hivi kwa kuzunguka. Kuanza huhitaji kapasita kubwa zaidi, lakini hiyo hutakiwa kuondolewa mara mota inapofikia kasi yake, ikibaki huiunguza. Kwa hiyo kapasita ya kuanzia na kapasita ya kuzungukia ni vitu viwili, na kuviita vyote kapasita ya mota ni kualika ajali. Aidha, kapasita hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa. Fundi anayeambiwa kwamba umeme umekatwa anaweza kupigwa na umeme uliohifadhiwa.

La tatu ni uwezo. Mota iliyoungwa kwa kapasita hutoa takribani asilimia 70 ya nguvu yake, na huanza kwa udhaifu. Pampu ndogo au feni huvumilia hali hiyo. Kinu kilichojazwa mahindi kabla ya kuwashwa hakivumilii. Kigeuzi kinachozunguka hubeba mzigo mzito zaidi, na kidhibiti kasi cha elektroniki huianzisha mota polepole bila kuushtua mtandao, ilimradi kichaguliwe kwa kuzingatia kwamba kinapokea fezi moja. Kila njia ina mahali pake, na mahali hapo hapaonekani endapo njia zote zinaitwa kwa jina moja la kubadilisha mota, usemi ambao huweza pia kumaanisha kuisuka upya au kununua nyingine.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyopitiwa inaonesha kwamba kuendesha mota ya fezi tatu kwa fezi moja ni tawi halali la uhandisi lenye zaidi ya miaka 100, na kwamba huhitajika pale ambapo mtandao umejengwa kwa kipimo cha taa. Mahitaji hayo yatakuwepo Afrika Mashariki kwa muda mrefu, kwa kuwa nguzo zilizosimama leo hazitabadilishwa kesho. Swali lililobaki ni kama maarifa hayo yatasimamiwa au yataachwa.

Pendekezo la kwanza linahusu istilahi. Hitilafu iitwe kukatika kwa fezi, na mpango wa makusudi uitwe ulishaji wa fezi moja. Kifaa kinachounda fezi zilizokosekana kiitwe kigeuzi fezi, kikiwa na aina zake tatu: cha kapasita, cha kuzunguka na cha elektroniki. Neno fezi lipewe nafasi ya kwanza kwa kuwa limekwisha kuenea, nayo njia iachiwe swichi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na mabaraza ya nchi wanachama, ndiyo yenye mamlaka ya kuyapima majina haya mbele ya mafundi wa pande zote za mipaka, kwani mota na mafundi huvuka mipaka pamoja.

Pendekezo la pili linahusu mafunzo. Vyuo vya ufundi stadi viwe na mwongozo mfupi wa Kiswahili unaoeleza kibao cha mota, muungano wa nyota na pembetatu, aina mbili za kapasita, na kiwango cha kupunguza mzigo. Maarifa mengi ya kuuandika yamo tayari katika karakana. Kazi ya mtaalamu wa lugha ni kuyakusanya na kuyapanga, pamoja na mhandisi wa kuyathibitisha.

Pendekezo la tatu linawahusu washauri wa sera. Takwimu za usambazaji wa umeme ziseme kijiji kimefikiwa na fezi ngapi, na ni umbali gani kutoka kijijini hadi penye fezi tatu. Mwenye mashine akiijua taarifa hiyo kabla ya kuuza injini yake ya dizeli, ataweza kuchagua kati ya kusubiri nguzo, kununua kigeuzi au kubaki alipo. Kwa sasa huambiwa tu kwamba umeme umefika, kisha hulazimika kuyagundua mengine akiwa ameshalipa.